Datsun 240Z: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umeme na Matunzo

Gari langu ni Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan, ya mwaka 1972, usukani kulia. Ninaishi nalo Mombasa, ambako hewa ya chumvi haimwachi mtu wala chuma. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na wenye magari kama haya, na mafundi vijana wanaoletewa Datsun ya aina hii kwa mara ya kwanza, na watu wanaotaka kuinunua. Majibu yanahusu 240Z yenye injini ya L24: silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Mwenye 260Z atapata mengi ya kumfaa. Mwenye 280Z, ambayo haina kabureta, aruke sehemu za mafuta asome za umeme.

Kabla ya kugusa waya wowote, fungua kichwa cha hasi cha betri. Gari hili lina waya nene ambazo hazipiti kwenye fyuzi ya kawaida, na spana ikigusa bodi mahali pabaya, waya zinaanza kutoa moshi kabla hujaiondoa. Uwe na kizimamoto karibu, chenye unga mkavu, na ukitazame tarehe yake.

Umeme wote unasumbua kwa pamoja: taa hafifu, mishale ya dashibodi inacheza, honi inalia inapotaka. Nianzie wapi?

Anzia kwenye athi, yaani njia ambayo umeme unarudia betri kupitia bodi na injini. Mambo mengi yakiharibika kwa wakati mmoja, ni nadra kuwa vifaa vyote vimekufa. Tafuta mahali vinapokutana. Gari limetimiza zaidi ya miaka hamsini, na skurubu zinazoshika waya za athi zimepakwa rangi juu yake mara mbili au tatu, kisha kutu ikaingia chini ya rangi.

Pima hivi. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti. Shikiza waya mmoja wa mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kichwa cha waya, na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwambie mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.2 hadi 0.3, athi ya injini ni mbovu. Rudia kwa bodi huku taa zote zikiwa zimewashwa. Kisha fungua kila skurubu ya athi, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka gresi kidogo, kaza. Kazi hii inachukua asubuhi moja na gharama yake ni karatasi ya msasa. Nimeshuhudia magari mawili yaliyobadilishwa alteneta (kifaa kinachochaji betri), betri na swichi kwa pesa nyingi, na tatizo lilikuwa waya mmoja wa athi uliolegea kati ya injini na bodi.

Rangi za waya zina maana gani?

Nyeusi tupu ni athi. Nyeupe inatoka betri na ina umeme muda wote, kwa hiyo iheshimu. Nyeusi yenye mstari mweupe inapata umeme ufunguo ukiwashwa. Zingine utazijua kwa mchoro wa waya, nao uupate kabla ya kuanza kazi yoyote kubwa. Usiamini rangi peke yake. Katika miaka hamsini mafundi wengi wamepita humo, na kila mmoja ameunga kwa waya aliokuwa nao mfukoni.

Injini inawaka vizuri nikiwa nimeshikilia ufunguo kwenye stata. Nikiuachia tu, inazima papo hapo. Nimebadilisha koili, bado.

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ninalipenda kwa sababu jibu lake liko ndani ya mchoro wa gari lenyewe.

Koili, kifaa kinachopandisha volti ili plagi zirushe cheche, haipati volti 12 kamili kwenye 240Z wakati wa safari. Umeme unapita kwanza kwenye rezista nyeupe ya kauri iliyo karibu na koili, yenye omu kama moja na nusu, ili koili na pointi (vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme wa koili) zisiungue. Lakini unapopiga stata betri inashuka nguvu, kwa hiyo watengenezaji waliweka njia ya pili: ufunguo ukiwa kwenye stata, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye koili bila kupitia rezista. Ukiuachia, njia hiyo inakatika na koili inaitegemea rezista. Rezista ikiwa imekatika ndani, injini inazima sekunde ileile. Ipime kwa mita: ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, umempata mkosaji.

Kuna mkosaji wa pili ambaye wengi hawamjui. Mita ya mizunguko ya injini kwenye 240Z haisomi volti kama za magari ya baadaye. Umeme wa koili unapita ndani yake, unazunguka, kisha ndipo unakwenda kwenye rezista. Plagi iliyo nyuma ya mita hiyo ikilegea, au mtu akiing'oa mita ili akaitengeneze, gari halitembei. Ukiona mshale wa mizunguko unarukaruka halafu injini inakufa, kisha inafufuka ukipiga dashibodi kwa kiganja, angalia pale kwanza. Kwa majaribio unaweza kuunganisha waya mbili za kitanzi hicho pamoja ili uipite mita. Gari likitulia, umejua.

Usiunganishe koili moja kwa moja na betri ukaendelea na safari zako. Gari litakwenda, ndiyo, lakini pointi zitaungua na koili itachemka.

Taa za mbele ni hafifu na boksi la fyuzi lina moto. Plastiki imeanza kuyeyuka. Niweke fyuzi kubwa zaidi?

Hapana. Tafadhali usifanye hivyo. Huo ndio ugonjwa unaoyateketeza magari haya.

Fyuzi haiungui kwa sababu umeme unaopita si mwingi kupita kiasi. Moto unatoka kwenye vibanio vinavyoishika fyuzi ya kioo. Vimelegea na vimeota kutu ya kijani, kwa hiyo umeme unasukumana kupita mahali pembamba na kuzalisha joto. Joto linalegeza kibanio zaidi, kibanio kikilegea joto linapanda, mpaka plastiki inalainika. Fyuzi ya taa ndogo, zile za pembeni na za nyuma, ndiyo inayotangulia mara nyingi, na watu wanashangaa kwa kuwa balbu zake ni ndogo. Ukiwa umekaza fyuzi kubwa, umeondoa mlinzi wa pekee aliyebaki.

Tiba ni ya hatua mbili. Kwanza, safisha vibanio kwa msasa laini, vibane kwa koleo ili vishike kwa nguvu, weka fyuzi mpya za kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko. Plastiki ikiwa imeshayeyuka, boksi libadilishwe. Yapo mapya yanayotumia fyuzi za kisasa za bapa, na mimi ninayapendelea, ingawa wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani hawatakubaliana nami.

Pili, weka relei, yaani swichi inayoamriwa kwa umeme mdogo. Umeme wote wa taa za mbele unapita kwenye swichi ndogo iliyo kwenye nguzo ya usukani. Swichi hiyo imebeba mzigo huo kwa nusu karne na mpya ni ghali. Ukiweka relei, swichi inabaki na kazi ya kuamuru tu, na mzigo unatoka betri moja kwa moja kwa waya nene wenye fyuzi yake. Mwanga utaongezeka wenyewe, bila kubadilisha balbu.

Angalizo kwa fundi: kwenye gari hili, kubadili kati ya taa kamili na dimu kunafanyika upande wa athi. Umeme chanya uko tayari kwenye taa, na swichi inachagua waya upi ufikishwe kwenye athi. Seti ya relei iliyotengenezwa kwa magari yanayokata upande wa chanya haitafanya kazi ukiifunga kama ilivyo, na nimeona mtu akiichoma kwa kulazimisha. Pima waya za nyuma ya balbu kwanza, ndipo ununue.

Betri inaisha usiku kucha.

Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6. Ikiwa na 12.2 imebaki nusu. Ichaji ijae, iache imefunguliwa waya usiku mmoja, upime asubuhi. Ikishuka yenyewe, betri imekufa na gari halina hatia.

Ikibaki imara, gari linanyonya. Weka mita kwenye ampia, iunge kati ya nguzo ya hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa na ufunguo mfukoni. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Gari hili halina kompyuta. Likinyonya zaidi ya miliampia 50 kuna kasoro. Chomoa fyuzi moja moja mpaka usomaji ushuke. Fyuzi zote zikitoka na bado linanyonya, chomoa waya za alteneta: diodi moja iliyovuja (kidude cha ndani kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inaweza kuimaliza betri mpaka alfajiri.

Mshale wa ampia unaanguka upande wa hasi nikiwa kwenye foleni na taa zimewashwa. Alteneta imekufa?

Si lazima. Alteneta ya zamani inatoa umeme kidogo sana injini ikiwa inanguruma polepole. Mshale ukirudi katikati au kupanda kidogo ukikanyaga mafuta, hapo hakuna ugonjwa. Pima kwenye betri injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000: volti kati ya 13.8 na 14.5 ni salama. Chini ya 13, angalia ukaze wa fenibelti, kisha regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za alteneta. Ikipita 15, betri itachemka na balbu zitakufa moja baada ya nyingine, na hapo regyuleta ndiyo ya kushukiwa, au athi yake. Nayo ina skurubu zake na kutu yake.

Regyuleta ya gari hili ni kijisanduku kilichokaa peke yake pembeni mwa injini, chenye vidude vya kugusana ndani. Vinasafishika.

Halafu ujue kwamba mita ya ampia yenyewe inabeba karibu umeme wote wa gari. Kokwa mbili zilizo nyuma yake zikilegea, zinapata moto nyuma ya dashibodi, mahali usipopaona. Kila mwaka mimi nazikaza, betri ikiwa imefunguliwa.

Nilifunga alteneta ya kisasa zaidi yenye regyuleta ndani yake. Sasa nikizima ufunguo injini haizimi!

Hujaharibu kitu. Alteneta ya 280ZX, toleo la baadaye la gari hili, yenye ampia 60, ni badiliko zuri na la kawaida. Lakini waya unaoiamsha alteneta umeungana na mkondo wa ufunguo, kwa hiyo ufunguo ukizimwa alteneta inarudisha umeme kinyumenyume na kuilisha koili. Diodi moja kwenye waya huo, ikiruhusu umeme kwenda kwenye alteneta na kuuzuia kurudi, inamaliza jambo. Ukiiweka kinyume alteneta haitachaji, basi igeuze. Na usijaribu kuzima tatizo kwa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Alteneta isiyo na betri inaweza kurusha volti za kuua diodi zake zote.

Nikipiga stata nasikia "tak" tu.

Washa taa za ndani kisha piga. Taa zikizimika, betri au vichwa vyake. Zikibaki na mwanga uleule, umeme haufiki kwenye mota: waya mdogo wa solenoidi (swichi nzito ya umeme iliyo kwenye stata), au solenoidi yenyewe. Pima kwanza kama waya mdogo unapata umeme kamili. Mara nyingi unapata volti tisa au kumi, kwa sababu umesafiri kupitia swichi ya ufunguo iliyochoka.

Indiketa zinafanya kazi siku moja, siku nyingine hazifanyi.

Umeme wa indiketa unapita kwenye swichi ya taa za hatari. Swichi hiyo haiguswi miezi kwa miezi, ndiyo maana inaota ukungu ndani. Ibonyeze na kuiachia mara ishirini. Zikirudi, itoe uisafishe kwa dawa ya kusafishia kontakti. Indiketa ya upande mmoja ikiwaka harakaharaka ni balbu iliyokufa au athi ya taa ya nyuma. Ukikanyaga breki na indiketa ikafifia, ni athi ya taa ya nyuma, usitafute pengine.

Nibaki na pointi au niweke mfumo wa elektroniki?

Pointi zikitunzwa zinafanya kazi. Uwazi wake ni milimita 0.45 hadi 0.55, zipimwe kila baada ya kilomita elfu chache, na kisigino chake kipakwe gresi kidogo. Uzuri wake ni kwamba ukikwama Voi usiku, pointi zinasafishika kwa kipande cha msasa. Kasha la elektroniki likifa, utasubiri gari la kuvuta.

Pamoja na hayo, ningekushauri uweke elektroniki kama unalitumia gari kila wiki, kwa sababu kondensa nzuri, vile vidude vinavyozuia pointi kuungua kwa cheche, zimekuwa adimu na nyingi zinazouzwa sasa hazidumu. Distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi) ya 280ZX ya miaka ya 1979 hadi 1981, yenye kasha dogo lililobandikwa ubavuni, inaingia na kukaa vizuri. Ukiifunga, rezista inapitwa, na mita ya mizunguko iangaliwe upya. Pointi na kondensa zako za zamani ziweke kwenye buti.

Mpangilio wa kuwasha ni 1-5-3-6-2-4, na distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Andika hayo ndani ya boneti.

Injini inakosa na kutetemeka. Fundi anasema kabureta zimekufa.

Labda. Lakini kabureta zisiguswe mpaka mambo mengine yote yawe sawa, nami nasisitiza hilo kwa sababu nimeona kabureta nzima zikiharibiwa kwa bisibisi. Utaratibu ni huu: valvu, kisha moto, kisha mafuta.

Valvu zipimwe injini ikiwa moto: za kuingiza milimita 0.25, za kutoa 0.30. Halafu plagi, NGK BP6ES, uwazi wa milimita 0.8. Waya za plagi, kifuniko cha distribyuta, rota. Halafu muda wa moto kwa taa maalumu. Halafu tafuta hewa inayovuja kwenye mipira ya vakyumu na gasketi za manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye injini. Baada ya hapo tu ndipo uende kwenye kabureta.

Kabureta hizi ni za Hitachi, za muundo wa SU, na ni za moja kwa moja kuliko watu wanavyodhani. Kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka kwa hewa na sindano inayoingia kwenye tundu la petroli. Inua pistoni kwa kidole: ishuke taratibu, igote chini kwa sauti. Isiposhuka yenyewe, ni uchafu au sindano imepinda. Juu yake kuna kikombe cha oili nyepesi, SAE 20, ambacho mafundi wengi hawajui kukijaza. Kikiwa kikavu, gari linasita ukikanyaga ghafla, na watu wanakimbilia kubadilisha pampu.

Kuoanisha kabureta mbili, hakikisha kila moja inavuta hewa sawa na mwenzake. Kuna kipimo cha hewa, lakini kipande cha mpira wa maji sikioni kinatosha kwa kuanzia: sikiliza mvumo kwenye mdomo wa moja, kisha wa nyingine, rekebisha mpaka sauti zifanane. Kwa mchanganyiko wa petroli, anza na kila skurubu ikiwa imefunguliwa mizunguko miwili na nusu kutoka juu, ndipo urekebishe. Rekebisha zote mbili kwa kiasi kilekile.

Nikisimama dakika kumi baada ya safari ndefu, halitaki kuwaka tena. Likipoa linawaka.

Kwenye injini ya L24, manifoldi ya moshi na ya hewa ziko upande mmoja, na kabureta zimekaa juu ya moto. Gari likisimama, feni haivuti tena hewa, joto linapanda na petroli inachemka ndani ya vikombe na mabomba. Kwenye joto la pwani yetu hilo ni jambo la kila siku kuanzia Desemba hadi Machi.

Hakikisha bamba la kuzuia joto chini ya kabureta lipo. Magari mengi yamelipoteza. Hakikisha vipande vya kuhami kati ya kabureta na manifoldi havijabadilishwa kwa gasketi nyembamba. Bomba la petroli lisigusane na kichwa cha injini, na lifunikwe kwa mpira unaozuia joto. Ukisimama, inua boneti. Na unapowasha, kanyaga pedeli nusu na uishike hapo. Kuipampu hakusaidii, kwa sababu kabureta za aina hii hazina pampu ya kumwaga petroli kama zile nyingine.

Petroli isiyo na risasi itaiua injini?

Kichwa cha L24 ni cha aluminiamu chenye viti vya valvu vilivyopachikwa, si chuma laini cha kichwa chenyewe, kwa hiyo hofu ya viti kuliwa kwa kukosa risasi ni ndogo kuliko kwa magari mengi ya umri wake. Pima tu uwazi wa valvu za kutoa. Ukikuta unapungua kila mara unapopima, kiti kinaliwa, na hapo ndipo pa kumwita fundi wa vichwa.

Moshi na petroli vinanuka ndani ya gari nikiendesha.

Umbo la gari hili linanyonya moshi kutoka nyuma na kuurudisha ndani. Unaingia kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliokauka, gasketi za taa za nyuma, na vizibo vya sakafu vilivyopotea. Harufu ya petroli mbichi ni jambo jingine: ni mipira ya mvuke inayotoka kwenye tangi, iliyofichwa nyuma ya paneli za ndani, ambayo imepasuka kwa uzee. Ibadilishe yote kwa mara moja. Usiendeshe ukiwa na watoto ndani kabla ya kuimaliza kazi hiyo.

Waipa ni polepole, na saa ya dashibodi haifanyi kazi.

Waipa: ni gresi ya zamani iliyogeuka gundi kwenye vyuma vya mikono. Safisha kabla ya kulaumu mota. Saa: nyingi zimesimama.

Klachi inashuka mpaka sakafuni.

Klachi ni ya maji ya breki, yenye silinda ya juu karibu na pedeli na ya chini kwenye giaboksi. Funua kipira cha ile ya chini, ukikuta unyevu imevuja. Badilisha zote mbili pamoja, kwa sababu ukiweka mpya upande mmoja, ile nyingine inafuata baada ya wiki chache. Fuata hivyohivyo kwa silinda za magurudumu ya nyuma, ambayo ni ya dramu. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, maana yanavuta unyevu, na sisi wa pwani tunaishi ndani ya unyevu.

Ninataka kununua 240Z. Niangalie umeme kwanza au bodi?

Bodi. Umeme wote wa gari hili unatengenezeka mezani kwa pasi ya risasi na subira. Kutu inakula pesa ambazo hukuzipanga. Inua kapeti. Tazama chini ya betri, ambako asidi imekuwa ikidondoka. Tazama vibebeo virefu vilivyo chini ya sakafu, matao ya magurudumu ya nyuma, na ukingo wa mlango wa nyuma. Chukua sumaku: isiposhika, hapo ni unga wa kuzibia kutu uliopakwa rangi. Gari lililoishi Nanyuki au Arusha linaweza kuwa na chuma safi kuliko jingine lililong'arishwa huku kwetu.

Je, ni kweli gari hili lilishinda Safari, mbio za magari za Afrika Mashariki?

Ni kweli, mara mbili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na nyingine, ya Shekhar Mehta, ikaja ya pili. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Mehta, mzaliwa wa Uganda, baadaye alishinda tena kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Gari la ushindi la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Zingine bado zinakimbia vumbi la nchi zetu kwenye mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003.

Nalitaja hili kwa sababu wengi huja wakisema gari la umri huu halifai tena barabara zetu. Barabara zile za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa za udongo na mawe, na gari lilipita.

Nilipeleke kwa fundi gani?

Kwa anayepima kabla ya kufungua. Mweleze dalili, si ugonjwa. Useme "inazima nikiachia ufunguo", usiseme "badilisha koili", kwa kuwa atakubadilishia. Mpe mchoro wa waya uliouchapisha kwa ukubwa wa kusomeka. Kaa naye kama ataruhusu. Kila waya anaougusa, upige picha kabla na baada, na uandike tarehe kwenye daftari linalokaa kwenye kidroo cha gari. Daftari langu lina kurasa themanini sasa. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja, ulioandikwa siku niliyolileta gari nyumbani likivutwa: athi ya injini, skurubu moja, imesafishwa, limewaka.